Kozi ya siku tatu Njiro kwa magaidi wa safari: nilifuata habari za tembo nikarudi na dubu wa barafu

Niseme mapema, sitaji jina la hicho chuo, mlioko kwenye tasnia hapa Chuga (Arusha) mtakijua tu maana kipo Njiro, na hela nililipa mwenyewe, 150,000 kwa simu, sikupewa ofa na mtu wala sina shangazi anayefanya kazi pale. Watu wengi wananiuliza kama hizi kozi fupi za msimu ukiwa umelala zina maana yoyote au ni cheti cha kubandika ukutani, basi mi naandika nilichokiona kwa macho yangu, na mengine mtajaza wenyewe.

Kozi inahusu maarifa ya wenyeji na uhifadhi, Alhamisi mpaka Jumamosi, chai na lanchi ndani ya bei, cheti mwishoni. Tulikuwa watu 17, wengi magaidi wa safari (waongoza watalii wa Land Cruiser, sio wale mnaowawaza), wapagazi wawili wa mlimani waliotoka Moshi na basi la alfajiri, na dada mmoja wa ofisi ambaye nadhani bosi wake ndo alimlipia maana alisinzia siku zote tatu bila hata aibu.

Kwanini nilienda, ni hivi. Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa na wageni Tarangire, kuna bibi mmoja wa Kanada, mtu mzima kabisa, kundi la tembo linavuka mto pale tunaangalia, akanigeukia akaniuliza, bibi yako wewe alikuwa anasema nini kuhusu hawa? Mi nikamwaga ya kwenye kitabu, mimba miezi 22, magego anabadilisha mara sita maishani, kilo kadhaa za majani kwa siku, bibi wa watu akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza akasema hayo nilisoma nyumbani kabla sijapanda ndege. Iliniuma mjue. Na bibi yangu alikuwa na la kusema, ni wa Rombo, shamba lake lilipakana na msitu, alikuwa akitukataza kumtaja tembo kwa jina usiku, ukitaka kumsema unasema "yule mkubwa", na ole wako umcheke. Sikumwambia mgeni. Niliona aibu, niliona ataona sisi washamba. Basi nilipoona tangazo la hii kozi nikasema ngoja niende nijue mambo kama hayo mtu anayasemaje mbele ya watu.

Kufika pale ni kazi kidogo. Daladala ya Njiro inakuacha barabarani halafu kuna kibarabara cha vumbi ambacho wiki ile kilikuwa tope tupu, mvua ilikuwa inapiga usiku kucha, chukua bodaboda ya 1,000 usijifanye mwanariadha. Ukumbi ni wa kawaida, viti vya plastiki, madirisha makubwa, Meru unaiona vizuri ukikaa upande wa kushoto kama mawingu yameondoka.

Siku ya kwanza sina mengi. Sheria, sera, makabrasha, mzee mmoja mstaafu anasoma slaidi neno kwa neno kama vile sisi hatujui kusoma. Kitu kimoja tu cha maana siku hiyo kilikuwa mchana, habari ya nyumbu na ng'ombe, kwamba Wamasai nyumbu wakianza kuzaa kule nyanda za Ndutu kuanzia mwezi wa kwanza wanaondoa ng'ombe wao majani yale mafupi hata kama ndo matamu kuliko yote, kwa sababu ng'ombe akilisha pale nyumbu walipozalia anapata ugonjwa wa nyumbu na anakufa. Wazee walisema shida ni kondo la nyuma. Wataalamu wa mifugo wakaja kukuta ni kirusi, na kinatoka zaidi kwenye kamasi na machozi ya ndama wa nyumbu wa miezi mitatu ya mwanzo. Yani sababu iliyotajwa na wazee haikuwa yenyewe lakini ratiba yao ya kuhama ilikuwa sahihi kabisa, na ng'ombe walipona kwa ratiba sio kwa sababu. Hiyo niliiandika nikaiwekea nyota. Siku ya kwanza iliyobaki ungeweza kulala nyumbani.

Sasa siku ya pili ndo iliyonifanya niandike haya yote.

Projekta iligoma asubuhi hiyo. Mwalimu, madam mmoja wa Machame ambaye amesoma Kanada na kukaa huko kwenye baridi miaka kadhaa, alihangaika na waya dakika kumi akaziacha, akasimama mbele mikono mitupu akatuuliza, "Kaka zangu, mkichinja mbuzi, ini anakula nani?" Darasa likaamka. Kila mtu ana lake, kwetu ini ndo la kwanza kufika kwenye moto, yule wa Karatu anasema kwao la mzee, mwingine anasema la mchinjaji hana mjadala, yani fujo kama kijiweni. Madam akatuacha tuchoke akasema, haya, Muinuit, mwenyeji wa kule kwenye barafu ya kaskazini, akiangusha dubu wa barafu ini hali, mke wake hampi, na hata mbwa wake hampi.

Kumbe ini la dubu yule lina vitamini A nyingi kupita kiasi, sumu kabisa, ukila kichwa kinapasuka, unatapika, ngozi inabanduka. Wavumbuzi wa Kizungu waliokwenda kule zamani walikula wakaugua vibaya, na maabara ilikuja kutaja kosa ni vitamini A mwaka 1943. Wainuit walikuwa wanalitupa ini siku zote hizo. Neno vitamini hawakuwa nalo, walichokuwa nacho ni mtu wa zamani aliyekula na watu walioona kilichompata wakasimulia watoto wao.

Hapo ndo tukaelewa tumepata mwalimu. Akaendelea, hawa watu wanaishi juu kabisa ya dunia, Alaska, kaskazini ya Kanada, Greenland, zamani wakiitwa Waeskimo na wengi wao jina hilo hawalipendi, Inuit kwa lugha yao maana yake ni watu tu, akiwa mmoja ni Inuk. Dubu wenyewe wanamwita nanuq. Na yale maarifa yao yana jina rasmi kwenye serikali ya Nunavut, lile jimbo lao lililoanza tarehe 1 Aprili 1999, yanaitwa Inuit Qaujimajatuqangit, yani yale ambayo Wainuit wameyajua tangu zamani na bado yanafaa leo. Tulijaribu kulitamka wote kwa zamu, wengi tulisikika kama Land Cruiser ya mkaa inayokataa kuwaka asubuhi, aliyekaribia ni mpagazi mmoja wa Moshi, tukampigia makofi.

Kuhusu makabrasha ya siku hiyo lazima niseme. Walitoa fotokopi nyeusi na nyeupe. Picha ya ukurasa wa pili ni dubu mweupe amesimama kwenye theluji nyeupe. Fotokopi. Nilipewa karatasi tupu yenye vidoti vitatu vyeusi, viwili vidogo na kimoja kikubwa, nikadhani mashine imevuja wino, jirani yangu ndo akaniambia "hayo ni macho na pua". Tulicheka mpaka yule dada wa ofisi akaamka. Lakini vidoti vile vikaleta mjadala mzuri, kwamba chini ya yale manyoya ngozi yake ni nyeusi, na manyoya yenyewe hayana rangi, yapo wazi ndani kama mrija, mwanga ndo unafanya tuone meupe. Na ipo ile hadithi maarufu kwamba dubu akimnyemelea sili (mnyama wa baharini ambaye ndo chakula chake kikuu) anaziba pua yake na mguu ili asionekane, madam akasema hiyo msiwape wageni, watafiti waliokaa muda mrefu na darubini wakiwatazama wakiwinda hawajaiona. Hiyo niliipenda, maana ina maana hakuja kutuuzia kwamba kila linalosimuliwa ni kweli.

Ila nyingine iligeuka. Kuanzia karne ya 18 Wainuit waliwaambia wageni wao kwamba dubu anaweza kuua walrasi (ni mnyama wa baharini, mfikirie sili mkubwa mno mwenye meno mawili marefu kama pembe za ndovu, fuvu gumu balaa) kwa kumpiga na jiwe au bonge la barafu kichwani. Mzungu mmoja, Charles Francis Hall, aliweka mpaka mchoro kwenye kitabu chake mwaka 1865, dubu yupo juu ya jabali ameinua jiwe na walrasi amelala chini hana habari. Watu wakacheka, hadithi za kuvutia moto. Halafu kwenye bustani ya wanyama Osaka, Japani, kukawa na dubu mmoja anaitwa GoGo, wakamning'inizia nyama juu asipoweza kuifikia, jamaa akaanza kutumia vitu, anarusha, anachokoa mpaka iangukie. Mwaka 2021 Ian Stirling, mtafiti wa Kanada aliyefuatilia hawa dubu kwa miongo, na wenzake wakakusanya simulizi zote zile za Wainuit wakaziweka pamoja na ushahidi wa GoGo, wakasema inawezekana kabisa, inatokea mara chache, zaidi kwa walrasi maana ni wagumu kuua. Zaidi ya miaka mia mbili watu wanaambiwa.

Mzee wa Karatu akanong'ona, "sasa na sisi tumecheka mangapi." Sikumjibu, nilikuwa namuwaza bibi yangu. Na utafikiri madam alinisikia, maana alipogusa adabu akasema wazee wa Kiinuit wanakataza kumdhihaki dubu au kujigamba kwamba utamuua, anasikia. Nanuq anasikia. Mi nikaacha kuandika kabisa, nikabaki naangalia dirishani.

Baada ya chai ikaja hesabu ndo palipokuwa patamu na pagumu, na hapa nitakaa kidogo maana ndo kiini.

Mwaka 1973 pale Oslo nchi tano zenye dubu, Kanada, Denmark kwa ajili ya Greenland, Norwe, Marekani na Urusi ya Kisovieti, zilisaini mkataba wa kuwahifadhi, maana watu walikuwa wanawapiga hovyo hadi kwa ndege. Ule mkataba haukuwafukuza wenyeji, ulisema wazi kwamba watu wa pale wanaweza kuendelea kuwinda kwa njia na haki zao za asili. Kwa hiyo kule Nunavut kijiji kinapewa mgawo wa dubu kwa mwaka, chama cha wawindaji cha kijiji kinagawa, na mgao wenyewe unajadiliwa na bodi ya watu tisa, wanne wamewekwa na Wainuit, wanne na serikali, na mwenyekiti. Madam alirudia mara mbili hiyo, wanne kwa wanne. Hapo darasani kila mtu akaangalia meza yake, maana tunajua mwaka 1959 Ngorongoro ilivyotenganishwa na Serengeti na mambo yote yaliyofuata mpaka leo, na mimi hayo sitayaingia hapa, mnanielewa.

Sasa ugomvi ni idadi. Duniani wanakadiriwa dubu kama 26,000, theluthi mbili hivi wako Kanada au wanapitia Kanada. Kuna eneo linaitwa M'Clintock Channel, hesabu ya mwaka 2000 ikatoka 284 tu, mgawo wa kuwinda ukafutwa, kijiji cha Gjoa Haven kikakaa bila kuwinda pale kabisa, halafu mgawo ukarudi mdogo mno. Fikiria kijiji kizima, nyama, ngozi za suruali, na hela ya wageni wawindaji ambao wanalipa dola makumi elfu na sheria inawalazimisha waende na kiongozi wa Kiinuit na mbwa wa kuvuta sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji (magaidi wenzetu kabisa hao, darasa zima likataka kujua tipu ni kiasi gani, madam hakujua). Hesabu iliyofuata, ya 2014 mpaka 2016, ikatoka 716. Na Davis Strait, eneo jingine la huko, hivyo hivyo, wenyeji walikuwa wanasema dubu wameongezeka, hesabu ya 2005 mpaka 2007 ikatoka zaidi ya 2,100.

Mtu ukisikia hayo unashangilia, wazee oyee, wasomi chini. Mi nilikuwa nshaanza kushangilia. Madam akatumwagia maji. Akatupeleka magharibi ya Hudson Bay, ghuba kubwa ya Kanada, karibu na kijiji cha Arviat. Pale Wainuit wanasema dubu ni wengi kuliko zamani, wanaingia hadi mlangoni, watu wanaweka doria za usiku, na mwaka 2018 dubu aliua baba mmoja wa pale karibu na watoto wake. Hesabu ya watafiti wanaohesabu toka angani kwa ndege inasema kinyume, 842 mwaka 2016, 618 mwaka 2021. Nani mwongo?

Jamaa yangu mmoja tuliyekaa meza moja akasema kwa sauti, wazee, wako pale kila siku, ndege inapita mara moja kwa miaka mitano. Mi hapo nikawa upande wa ndege, na bado niko. Nikasema angalieni Kwakuchinja. Vijiji vile kati ya Tarangire na Manyara ukiuliza watu watakwambia tembo wameongezeka balaa, kila usiku wapo kwenye mahindi, lakini sio lazima wawe wameongezeka, inawezekana ni ushoroba umejengwa, njia waliyokuwa wanapita kimya kimya sasa ina nyumba na mashamba. Anayelala shambani anamuona tembo kila siku na hasemi uongo, ila kumuona kila siku sio kumhesabu. Madam akasema ndicho wanachobishania huko huko, barafu ya Hudson Bay inavunjika mapema, dubu anakaa nchi kavu wiki tatu hivi zaidi kuliko miaka ya 80, hana sili wa kula, anafuata harufu ya jalala na nyama iliyoning'inizwa kijijini, kwa hiyo wachache wanaonekana wengi. Lakini akaongeza kitu ambacho kilinipunguza kiburi, kwamba wazee wa kule hawasemi wengi tu, wanasema pia wamehama, na ndege inahesabu eneo lenye mpaka ambao mtu kauchora kwenye karatasi na dubu hajauona. Tulibishana mpaka lanchi ikapoa. Hakuna aliyeshinda, na sijui kama ilitakiwa ashinde mtu.

(Lanchi siku hiyo ndizi nyama, tena zile za kuvunjika zenyewe mdomoni, nyama ya kutosha. Mama wa jikoni pale apewe ukuu wa chuo.)

Kitu cha mwisho cha siku hiyo nilichokiandika ni kuhusu mikutano mikubwa ya biashara ya wanyama. Kumbe mkutano ule ule wa CITES (mkataba wa dunia wa biashara ya wanyamapori) kule Doha mwaka 2010, ambao sisi Tanzania tuliomba kuuza pembe za ndovu za kwenye ghala tukakataliwa, Marekani nayo iliomba biashara ya dubu wa barafu ipigwe marufuku kabisa ikakataliwa. Wakarudia Bangkok 2013, wakakataliwa tena. Na Wainuit walikuwepo wanapinga kwa mdomo wao wenyewe, wanasema kinachomuua dubu wetu ni joto mnaloleta nyinyi sio bunduki yetu ya mgawo. Unaweza usikubaliane nao, mimi mwenyewe nusu nusu, lakini walikuwa chumbani.

Ndo nafika kwenye lalamiko langu kubwa la hii kozi. Siku tatu za maarifa ya wenyeji na hakuna mwenyeji hata mmoja aliyepandishwa mbele. Sio Mmasai, sio Mhadza, sio Mmeru wa hapo juu mlimani, hata mzee wa Kichagga wa kutusimulia msitu. Wote walioongea walikuwa watu wa slaidi. Halafu getini pale kuna mlinzi, mzee wa Kimasai wa upande wa Monduli, ana shuka lake na katambuga, siku zote tatu sisi tunampita tunamsalimia shikamoo tunaingia ndani kusomeshwa habari za watu kama yeye.

Na nitawaambia kilichotokea. Mchana ule madam alitusimulia jaribio moja, wawindaji wa Kiinuit walipelekwa kwenye nyayo za dubu, kila mmoja kivyake, waseme ni dume au jike, mkubwa kiasi gani, zina muda gani, halafu majibu yakalinganishwa, na kwa sehemu kubwa walikubaliana. Siku hizi wengine wanashirikiana na watafiti kukusanya vinyesi na manyoya ili vipimwe maabara, maana jamii nyingi za kule hazipendi dubu apigwe sindano ya usingizi na kufungwa kola, wanaona ni kumvunjia heshima na nyama yake inaingia dawa. Basi saa ya chai ya jioni sisi wanne tukatoka getini kwa kiherehere, tukamuita mzee, mzee hebu njoo uone, kwenye tope kulikuwa na nyayo za mbwa. Hakuchuchumaa hata. Alizitazama akiwa ameegemea fimbo akasema, huyu kapita mvua ikiwa bado inanyesha lakini inaishia, mguu wa nyuma wa kushoto unamuuma, na ni jike. Tukaangalia. Kweli, ukiambiwa unaona, ule mmoja umekanyaga kidogo tu, ncha tupu, na matone ya mvua yameingia ndani ya nyayo ila machache kuliko pembeni. Sisi watu wanne wenye leseni, jumla miaka kama 50 porini, hatukuwa tumeona hilo.

Saa kumi na moja mbwa akaja mwenyewe kufuata mifupa ya ndizi nyama. Anachechemea, nyuma kushoto. Na ni dume, dume la wazi kabisa halina ubishi. Tukamgeukia mzee, mzee naye akamtazama yule mbwa muda mrefu akasema, "kakonda." Basi. Ndo utetezi wake wote. Tulicheka naye, na madam aliyekuwa anapita na mkoba wake akasimama tukamweleza, akasema kule nako kwenye dume na jike ndo walikuwa wanakosea kosea ukilinganisha na vipimo vya vinasaba. Nikamwambia sasa madam si ungemuita huyu ndani? Akanyamaza, akasema bajeti. Nikamwambia bajeti gani, mzee yupo hapa hapa getini. Akasema nimekusikia kaka yangu. Kesho yake bado alikuwa getini.

Siku ya tatu ilikuwa makundi, karatasi kubwa na kalamu za rangi, mnajua hizo, "andikeni changamoto tano". Kundi letu tuliandika nne tukachoka. Vyoo havikuwa na maji toka saa nne asubuhi, kwa bei ile hapana jamani, ndoo mbili tu mngejaza. Projekta iliamka siku ya tatu ambayo hatukuihitaji. Cheti changu kilitoka na herufi ya jina la pili imerukwa, nikakirudisha, nikakaa wiki mbili na nauli zangu tatu za kwenda na kurudi ndo nikapata kingine, hicho nacho kimepinda.

Kwa hiyo mtu akiniuliza niende nisiende, mi nasema nenda, ila nenda kwa ajili ya madam, uliza kabla hujalipa kama yupo kwenye ratiba na siku gani, kama hayupo tunza hela yako nunua tairi. Beba koti maana ule ukumbi asubuhi ni baridi, beba chupa ya maji. Usiogope kubishana, yeye mwenyewe anapenda. Saba kwa kumi, ingekuwa nane na nusu kama mzee wa getini angepewa nusu saa na chai.

Nimeshaitumia mara mbili na wageni. Wa kwanza walikuwa Wajerumani, niliwapa ya ini wakaipenda wakacheka. Wa pili, mwezi uliopita, hapo hapo Tarangire, mto ule ule, niliwaambia kuhusu "yule mkubwa" na bibi yangu na usiku. Gari zima lilinyamaza, na mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, basi tusiwacheke.

Na mzee bado tunaongea, nikipita Njiro namsalimia. Nilimsimulia habari zote za dubu, akasikiliza kama mfugaji anavyosikiliza, halafu swali lake la kwanza halikuwa dubu wangapi wala nani anawawinda, aliniuliza huko kote si ni barafu na maji ya chumvi, sasa mnyama anakunywa wapi? Mi sikuwa na jibu. Nikampigia madam, akaniambia hanywi sana, anakula mafuta ya sili, mwili ukiyachoma yale mafuta unapata maji humo humo, na Wainuit wenyewe wakitaka maji ya kunywa wanajua kuchagua barafu ya miaka mingi maana chumvi inakuwa imeshatoka. Nikarudi kwa mzee nikampa jibu. Akafikiri. Akasema, kwa hiyo sili akikosekana anapata njaa na kiu siku moja?

Nimemwandikia madam hilo tangu Jumatatu. Tiki mbili za bluu, hajajibu.